Mwaka Usiopigwa Ngoma

Amoding mwanangu,

Salamu nitaziruka, maana tumekula meza moja jioni hii na nimeona kwa macho yangu ulivyokimaliza kichwa cha samaki. Hali yako naijua. Yangu nayo unaijua. Tangu nishike kalamu nimeshainuka mara nyingi, mara niangalie kama begi lako limefungwa, mara nichungulie mvua ambayo hainyeshi, mara nipange viatu mlangoni ambavyo vimepangwa tayari. Baba yako amepunguza sauti ya redio akaniambia, "Mama Amoding, kaa chini. Mtoto anaenda Mbale, hapana enda vita." Ndivyo alivyo Afande wako. Miaka yote aliyolinda wafungwa imemfundisha kukaa. Mimi niliishi naye kambi ile ile ya magereza, chini ya bati lile lile, na sikujifunza kitu.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na watu wa kuepuka pale stendi sitayaandika. Hayo baba yako atakuhutubia kesho asubuhi kabla ya basi, na nakuomba umsikilize kama mtu anayeyasikia kwa mara ya kwanza, kwani ameyafanyia mazoezi bafuni.

Mimi nataka kulijibu swali lako la mezani. Uliniuliza, "Mama, ungekuwa wewe, mwaka huu ungefanya nini pale Nyumba ya Ngoma?" Nami nikakujibu kwa sauti ya ofisi. Nikakuambia utazame malengo, uongee na wadau, ujenge timu yako. Ulisema asante ukaendelea kuchambua miiba. Nilitamani uniambie nimesema upuuzi, kwa sababu nilikuwa nimesema upuuzi. Lilikuwa jibu la mtu mwenye hofu, na hofu hiyo ninayo tangu siku ulipoitwa kazini.

Tuyaseme mambo kama yalivyo. Wakfu wetu wa sanaa na utamaduni ni mali ya umma, na mimi ndiye mkuu wa mipango hapa Jinja. Mpango wa miaka kumi unaomalizika mwaka huu niliuandika mimi. Jina langu liko mbele kabisa, na watu wa ofisini walikuambia kabla mimi sijakuambia. Ndani ya mpango huo kila tawi hupimwa kila mwaka. Lililotimiza malengo hupata kijani, lililosuasua njano, lililoshindwa nyekundu. Nyumba ya Ngoma ya Mbale hupata kijani mwaka mmoja na nyekundu mwaka unaofuata, kisha kijani tena, kisha nyekundu tena, na bodi imechoka. Imesema ikiona nyekundu nyingine mwisho wa mwaka huu, Mbale haitaingia katika mpango mpya. Ghala la kahawa tulilokodi liwe nyumba hiyo litarudishwa kwa mwenyewe, na ngoma zitaletwa Jinja kuwekwa nyuma ya kioo, watoto wa shule wazitazame wakila biskuti. Na wewe unakwenda kuisimamia nyumba hiyo mwaka huu, na mwaka huu ni witiri.

Wewe umekulia hapa Mafubira, kwa hiyo hata jambo hili ulilisikia kama watu wanavyosikia habari za jirani. Wagisu hutahiri vijana wao mwaka wa shufwa tu, ule unaogawanyika kwa mbili. Hiyo ndiyo imbalu. Mwaka huo Mbale nzima hutikisika, barabara hufungwa na wachezaji, hata mwenye duka la jumla hufunga mlango akaenda kutazama mtoto wa shangazi yake akisimama mbele ya kisu. Mwaka wa witiri, kimya. Utasikia kadodi, ngoma zile za kusindikiza vijana, kwenye harusi na kwenye mikutano ya siasa, kwani siku hizi kila kitu kinakodishwa. Lakini ngoma kamili, yenye nyimbo za kumtoa kijana na njuga zikifungwa mapajani, ina mwaka wake. Ndiyo ngoma hiyo Wakfu ulianzisha nyumba kwa ajili yake. Na mimi nikaandika katika mpango: onyesho kamili, kila mwaka.

Usidhani sikujua. Nilijua tangu nilipoolewa. Kambini tuliishi na kila kabila, ndiyo maana hata leo nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo mama yangu alisema ni ya kufokea watu, nami na baba yako tukaitumia kutongozana kwa sababu Kiteso sikukijua na Kisoga kilimshinda. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mlinzi Mgisu. Mwaka wa imbalu alikuwa anaomba likizo mapema, anarudi amekonda, hana sauti, ana furaha. Mwaka uliofuata alikuwa mtu kama watu wengine. Basi nilijua vizuri sana.

Lakini siku tulipouandika mpango tulikuwa katika hoteli moja karibu na mto, na mshauri kutoka Kampala alikuwa amechora jedwali lake ukutani. Kila mwaka safu yake, zote sawasawa, zimenyooka. Nilipofika kwenye Mbale mkono ulisita. Ningeweza kusema, ngojeni, hawa miaka yao haifanani. Ingebidi tuvunje jedwali, tubishane, tukose chai. Nami nilikuwa nimeingia Wakfu kama mpiga chapa, nikapanda ngazi moja moja, na mle chumbani nilikuwa peke yangu nisiye na digrii. Nilitaka waone kwamba naweza kazi ya wakubwa, na niliamini kazi ya wakubwa ni kumaliza upesi. Nikajaza. Mshauri akasema, "Safi kabisa, madam." Nilirudi nyumbani siku hiyo nikaimba jikoni.

Kumaliza upesi, mwanangu, ndiyo ugonjwa wangu. Unalikumbuka jiwe la msingi la ukumbi wa maonyesho, lile ambalo mbuzi wa jirani hujikunia? Na hilo ni langu. Nilitaka jiwe liwekwe kabla ya ramani, na ukumbi wenyewe haujajengwa mpaka leo.

Sasa nikueleze habari za Mafabi. Alikuwa dereva wa Wakfu, yule mwenye kicheko kikubwa aliyekuwa akikuletea miwa ukiwa shule ya msingi. Mafabi alikuwa Mgisu aliyehamia Jinja kijana, akaoa hapa, akapata watoto hapa. Tulichojua sisi ni kwamba kila mwaka wa imbalu, miezi ya ngoma ikifika, gari la Wakfu linaugua. "Madam, breki imekataa." Nikimpa gari lingine, "Madam, mama ya bibi yangu amekufa." Yule mama mkwe alikufa mara mbili kabla sijaelewa. Mafabi hakuwa ametahiriwa. Miezi ile, mwanamume Mgisu wa namna hiyo akionekana Mbale, watu wa ukoo wake humshika hata akiwa sokoni na kumpeleka kwao kwa ngoma. Kwa hiyo aliishi Jinja kama mtu aliyejificha, lakini huku anacheka, na sote tulicheka naye.

Mwaka wa witiri wa kwanza wa mpango wangu ukafika. Nikampigia simu Gidudu, kiongozi wa wapigaji pale Nyumba ya Ngoma. Utakutana naye kesho. Ni mtu wa sauti kubwa, mchana yuko kiwanda cha sabuni pale Industrial, mtaa wa viwanda, jioni yuko kwenye ngoma, na wapigaji wake wengi ni wafanyakazi wa viwanda hivyo hivyo. Nikamwambia mpango unataka onyesho kamili. Akasema, "Madam, mwaka hii haiko ya ngoma. Ngoma iko mwaka kesho." Nikamwambia mwaka kesho una onyesho lake, mimi nataka la mwaka huu. Kisha mimi, kwa werevu wangu, nikamwambia, basi msipige Mbale, njooni mpige hapa.

Hapo akacheka. "Kweli, madam. Jinja si Bugisu. Huko hata tukipiga, nani atasikia?"

Naye alitaka safari, na vijana wake walitaka kuona Nile ilipoanzia. Hivyo ndivyo watu wazima wawili walivyokubaliana kwamba desturi ya watu inaishia mahali fulani barabarani, labda pale Iganga, na kwamba ukishapita hapo unaweza kuitoa ngoma kwenye gunia bila neno.

Tulifunga mahema uwanjani kwa Wakfu. Viti vya plastiki, maji ya chupa, mwenyekiti wa bodi na wageni wake mbele. Ngoma ilipoanza, Wagisu wa Jinja walianza kufika, wale wa viwandani, wale wa magereza, akina mama wenye mabeseni ya ndizi vichwani, wametoka mtaa wa Walukuba wanafuata sauti. Hawakukaa kwenye viti. Walisimama nyuma kabisa, na nyuso zao hazikuwa za watu waliokuja kutazama. Sikuzitilia maanani. Nilikuwa kando ya mwenyekiti nikijisemea moyoni: nyimbo zipo, wachezaji wapo, watazamaji wamejaa. Kijani.

Mafabi alikuwa ameegemea gari. Nilimwona akivua viatu. Nilidhani vinambana. Akaviweka chini ya gari kwa utaratibu, akaingia uwanjani, akamfuata yule mchezaji aliyekuwa akiigiza kijana wa kutahiriwa, akamvua njuga, akajifunga mwenyewe. Gidudu aliacha kupiga. Mwanamke mmoja nyuma akapiga ukelele wa jina la baba yake Mafabi, na Mafabi akainua mikono akasema kwa Kigisu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba yeye ni mtoto wa fulani, wa ukoo fulani, na yuko tayari.

Wageni walipiga makofi. Mwenyekiti akaniinamia akasema, "Huyu dereva wenu ana kipaji!" Na mimi, Amoding, nikapiga makofi. Ninapokumbuka siku ile sioni aibu kwa jambo jingine lolote kama kwa makofi yale.

Baadaye Gidudu alinifuata nyuma ya hema, jasho linamtoka, sauti yake yote imekwisha. "Madam, tumeharibu." Nikamwuliza tumeharibu nini, onyesho limependeza. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu wa mbali. Kwao mwanamume akishasema yuko tayari, neno hilo halirudi. Na kisu hakitoki mpaka mwaka wake. Kwa hiyo Mafabi alikuwa ameingia mlango mmoja na mlango wa pili ulikuwa umefungwa, akabaki katikati, baba wa watoto, mpaka mwaka ule uzunguke.

Alikaa hapo katikati. Asubuhi aliendesha gari la Wakfu, na kicheko chake sikukisikia tena. Kila Jumapili alikwenda Mbale kuwaarifu wajomba, mmoja baada ya mwingine, maana ndivyo inavyotakiwa. Sokoni walianza kumwita kijana, kama wale wanaosubiri kisu. Mkewe, Mama Ruth, Msoga mwenzangu, alikuja ofisini akasimama mbele ya meza yangu. Akasema, "Madam, bwana yangu alikuwa amelala. Ofisi yenu ndiyo ilimwamsha. Sasa mimi naishi na nani?" Nilimpa soda. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Aliinywa yote akiwa amesimama, akaondoka.

Ngoma zilipopigwa kwa haki mwaka uliofuata nilikwenda Bugisu, juu huko kwenye migomba, uani kwa baba yake. Mafabi alisimama na vijana ambao wangeweza kuwa wanawe, na hakupepesa jicho. Yaliyo ya uani yalibaki uani. Aliponijia kuniamkia, siku nyingi baadaye, aliniambia, "Madam, mimi hapana laumu wewe. Lakini ile mwaka ilikuwa mrefu." Kisha akaacha kazi Jinja akarudi kwao na Mama Ruth. Siku hizi anaendesha lori la kahawa. Ukimwona msalimu, na usimwambie kwamba mimi bado naliwaza jambo lile, kwa sababu yeye alishalimaliza kiume na halihitaji tena.

Witiri uliofuata nilimpigia Gidudu simu, na ninaona haya kukuambia kwamba nilimpigia. Akasema, "Hapana. Hata mkileta afande na bunduki, hapana." Ndipo nyekundu zilipoanza.

Unaona, kosa la jedwali lilikuwa la siku moja, na hata la Mafabi tungeweza kulisema ni la watu wawili. Langu la peke yangu ni hili la baadaye. Kila tathmini ya mwaka wa kimya, kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuiambia bodi: ondoeni kipimo hiki, si chao, nilikiweka mimi kwa haraka. Lakini ingebidi niwaeleze ile siku ya uwanjani, na mwenyekiti alikuwa ameshaigeuza kuwa hadithi yake ya kuchekesha wageni, dereva mwenye kipaji. Basi nikawa nasema moyoni, mwakani nitalisema. Nikaipaka Mbale nyekundu kwa mkono wangu, nikijua kwamba ni mimi ninayestahili rangi hiyo.

Nimesimama tena. Nimekwenda hadi mlangoni kwako nikakusikia ukikoroma kidogo, usibishe, unakoroma. Nimerudi.

Kuna mwaka mwingine ninaotaka kuutaja, nao ni wako. Ule uliomaliza kidato cha sita ukakaa nyumbani. Matokeo yalikuwa mazuri, ungeweza kwenda popote, na wewe ukakaa. Ukawa unakaa ukumbini unatazama ukuta, unatembea mpaka mtoni unarudi, husemi. Mimi nilikuwa nimekupangia udaktari tangu hujaota meno. Kuona umekaa kulinichoma mwilini. Nikakuandikisha kompyuta. Ukaacha, nikakuandikisha ushonaji, kisha udereva, kisha kwa yule mchungaji wa vijana mwenye gitaa. Kila Jumamosi nilikuita mezani nikakuuliza wiki hii umefanya nini, kama vile wewe ni tawi. Siku moja ukaniambia polepole, "Mama, niache tu nikae." Nami nikakujibu, mtu akikaa huota kutu.

Mwaka ule ulipokwisha ukatuambia unataka kusoma kazi ya kusimamia sanaa, ukatuambia kwa nini, na kila neno lilikuwa limekomaa. Baba yako akasema, "Si unaona, alikuwa anafanya kazi." Nilijifanya sikusikia. Sijawahi kukuomba radhi kwa zile Jumamosi. Nakuomba sasa. Hukuwa umelala mwaka ule, na mimi nilikupigia ngoma masikioni kila wiki.

Basi ndiyo sababu Jumatatu nilikwenda mbele ya bodi. Hukujua, nilikuambia nina miadi ya daktari wa meno. Niliwaambia yote, jedwali, Mafabi, makofi. Nikawaomba Mbale ipimwe kwa miaka miwili miwili, tangu mwaka huu. Walinisikiliza vizuri, walikuwa na adabu. Mwenyekiti akasema kipimo hakibadilishwi mbio zikiwa zinakaribia kwisha. Kisha mjumbe mmoja, mama ambaye mimi namheshimu, akaniuliza bila ubaya wowote, "Miaka yote hii hukuliona, madam, mpaka binti yako alipopewa tawi?"

Ulishindania kazi ile na wengine, na mimi siku ya usaili nilitoka nje ya jengo nikakaa kwa wauza chapati, na bodi inalijua hilo. Lakini swali lake lilikuwa la haki. Miaka ambayo neno langu lingefaa nililiweka mfukoni. Sasa nimelitoa, na limekuwa neno la mama anayemsafishia binti yake njia. Kabla sijatoka niliwaambia kwamba tathmini ya Mbale mwaka huu aandike mtu mwingine, nami sitakuwa katika gari la tathmini litakalokuja huko. Hilo walilikubali haraka.

Kwa hiyo unakwenda bila mimi, na kibaya zaidi, unakwenda na kipimo changu. Nimekasirika, Amoding. Nimejikasirikia mwenyewe, na kidogo nawakasirikia wao, na wewe pia nakukasirikia kwa kulala usingizi mzuri hivyo.

Nilipata kufika Nyumba ya Ngoma mara moja mwaka wa kimya, bila kumwarifu mtu. Nilikuta ngozi zimewambwa juani. Gidudu alikuwa anagombana na kijana mmoja kuhusu gogo ambalo kijana alitaka kulichonga na Gidudu alitaka likauke mpaka mwaka ujao. Ndani, wanawake wawili walikuwa wanabishana juu ya ubeti wa wimbo, kila mmoja akisema ukoo wake ndio unaojua, na binti wa shule alikuwa kati yao na simu anarekodi ugomvi. Hakuna aliyepiga ngoma. Nilikaa pale mpaka jioni, mimi niliyeshindwa kukaa kanisani. Nilipofika ofisini nilitafuta mahali pa kuliandika nililoliona, nikakosa, kwa sababu jedwali halikuwa na mahali pake.

Sikuambii ufanye nini na hayo. Una akili kuliko yangu, na una makalio ya baba yako, unaweza kukaa. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nawe utavutwa. Ofisi itakupigia simu kuulizia onyesho. Gidudu mwenyewe huenda akaja, na hili linaniumiza kuliko yote. Amezeeka, anaogopa nyumba isije ikafungwa, wajukuu wake wanajifunzia pale. Sitashangaa akikujia jioni moja akakuambia, "Madam kadogo, tupige kidogo tu. Huko Jinja. Nani atasikia?" Na utamwonea huruma, kwa sababu atakuwa anakuokoa wewe.

Tena siwezi kukuahidi kwamba ukikaa kimya mambo yataisha vizuri. Nimefanya kazi ofisini miaka mingi mno kukuambia ukweli hushinda. Inawezekana ukaandika ripoti nzuri ya mwaka mzima wa ngozi, magogo na mabishano, bodi ikaisoma, ikasema asante, ikaifunga nyumba. Inawezekana ukawa meneja aliyefungiwa tawi mwaka wake wa kwanza, na watu wakasema mtoto wa nani yule. Nimeliwaza hilo hata chakula hakipiti. Hata samaki wangu wa jioni hii umemla wewe.

Lakini lililonishikisha kalamu ni jambo moja, na nimelizunguka mpaka hapa kwa sababu ni gumu. Najijua. Leo nimesema haya yote na nayaamini. Ikikaribia tathmini, siku zikibaki chache, nitaanza kuzunguka nyumba hii kama ninavyoizunguka sasa, na nitakupigia simu. Nitaanza na kukuuliza kama Mbale kuna baridi. Kisha nitasema nimefikiri, kwamba onyesho dogo tu, mahali pa ndani, bila kutangaza, halitamwumiza mtu. Kwamba Mafabi alikuwa mmoja na safari hii tutaangalia vizuri. Kwamba nyumba ikifungwa itakuwa imefungwa milele, na jina lililo mbele ya mpango ni langu. Nitakuwa na sababu nzuri, mimi sijawahi kukosa sababu nzuri. Huenda nikalia, na machozi yatakuwa ya kweli. Nitakuambia mimi ni mama yako na sijawahi kukuomba kitu.

Siku hiyo, mwanangu, nikatalie.

Mama yako